Kazi Kwanza, Programu Baadaye: Ujifunzaji Shirikishi Mtandaoni Miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Pwani ya Kusini ya Kenya

Tarehe 8 Aprili 2020 lilianza kutekelezwa agizo la serikali la kuzuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Vyuo vikuu vilikuwa vimeshafungwa tangu katikati ya Machi na wanafunzi wamerudi kwao. Kijana wa Ukunda anayesomea kisiwani Mombasa, aliyezoea kurauka, kupanda matatu hadi Likoni na kuvuka kwa feri, hakuweza sasa hata kukifikia kivuko. Kwale ilifunguliwa mwezi Juni, lakini Mombasa ikabaki imefungwa hadi Julai 7. Masomo ya chuo kikuu, pale yalipoendelea, yalipitia milango miwili. Mmoja ni jukwaa rasmi la chuo, aghalabu Moodle, ambamo mhadhiri alipakia notisi na kuweka siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Wa pili ni kundi la WhatsApp lililofunguliwa na mwakilishi wa darasa, pengine zamani kabla ya korona, kwa ajili ya kutangaziana vipindi vilivyoahirishwa.

Mazungumzo yetu ya kitaaluma kuhusu elimumtandao yameelekea zaidi mlango wa kwanza: seva, leseni, mafunzo ya wahadhiri, idadi ya kozi zilizopakiwa. Wachache waliogeukia mlango wa pili wameusifu kwa kuwa wanafunzi wanaupenda. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinatazama mlango badala ya kinachopita ndani yake. Jukwaa, liwe la chuo au la wanafunzi wenyewe, halizai ujifunzaji shirikishi. Kinachouzaa ni kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake hata akitaka. Na Pwani ya Kusini, kwa umbali na utawanyiko wake ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kikwazo, ina mali ghafi tele ya kazi za aina hiyo.

Inafaa kukumbuka Moodle yenyewe ilikotoka. Mwanzilishi wake, Martin Dougiamas, alikulia nyikani Magharibi mwa Australia, mbali na shule yoyote, na masomo yake ya msingi aliyapata kwa redio: mwalimu yuko mjini, watoto wametawanyika katika makazi ya mbali, sauti zikikutana hewani. Alipotoa toleo la kwanza la programu hiyo mwaka 2002 alieleza kwamba ameisimamisha juu ya nadharia isemayo kuwa watu hujenga maarifa wanapotengeneza kitu kwa ajili ya wenzao. Ndiyo maana ndani yake mna sehemu za majadiliano, kurasa ambazo darasa zima laweza kuzihariri, faharasa inayoandikwa na wanafunzi wenyewe na zana ya wanafunzi kusahihishana kazi. Sasa fungua kozi ya kawaida katika vyuo vyetu vya umma. Aghalabu utakuta faili za mihadhara zimepangwa kwa wiki, kisanduku cha kuwasilishia kazi, na jaribio fupi la kuchagua jibu. Zana iliyobuniwa na mtoto wa nyikani ili waliotawanyika wafikiri pamoja tumeifanya stoo.

Sitaki kuwalaumu wahadhiri kwa haraka. Anayefundisha darasa la mamia, pengine kwa mkataba wa muda huku akikimbilia kampasi nyingine jioni, hana saa za kusoma majadiliano ya vikundi hamsini. Kupanda cheo kwake kunategemea machapisho, na hakuna kamati ya uajiri itakayomuuliza wanafunzi wake walibishana nini wiki ya sita. Stoo inajengwa mara moja na kufungwa. Majadiliano yanadai mtu arudi kila siku.

Tuingie basi mlango wa pili. Kundi la WhatsApp la darasa lina historia yake fupi. Tangu 2016 lilikomea watu 256. Mwaka 2022 likapanuliwa hadi 1,024, na darasa zima la mwaka wa kwanza, hata la kozi zenye msongamano mkubwa, likaweza kuenea ndani ya simu moja. Kundi hilo kubwa ni ubao wa matangazo tu. Shughuli yenyewe hufanyika katika vikundi vidogo vya watu watano hadi wanane vinavyozaliwa kila mhadhiri anapotoa kazi ya pamoja, na hufa siku kazi hiyo inapowasilishwa.

Yeyote aliyewahi kuwa ndani ya kikundi cha namna hiyo anaijua njia yake. Swali lina sehemu tano. Kabla ya chai kupoa sehemu zote zimeshachukuliwa: wewe (a), mimi (b), yule atafute utangulizi. Mwenye laptopu anatwikwa kuunganisha. Anayekaa karibu na saiba anachapisha, wengine wanamtumia hela kwa M-Pesa. Kuna mmoja ambaye hajaonekana tangu kikundi kifunguliwe. Huyo atajitokeza usiku wa mwisho kukumbusha kwamba nambari yake ya usajili isisahaulike kwenye jalada. Kazi inafika kwa mhadhiri ikiwa na majina saba, na hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyeisoma yote, isipokuwa huenda aliyeunganisha, ambaye alikuwa akitazama ukubwa wa herufi.

Jeremy Roschelle na Stephanie Teasley, katika utafiti wao wa 1995 kuhusu wanafunzi wawili wawili wakitatua matatizo ya fizikia kwa kompyuta, walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita kwa jina moja. Liko la kugawana kazi, kila mmoja akashika kipande chake. Na liko la kujenga kwa pamoja uelewa mmoja wa tatizo na kuutunza usivunjike mazungumzo yanapoendelea. Katika hilo la pili watu hukatizana, hurudi nyuma, huulizana "unamaanisha nini hapo?" na hurekebishana. Kwa kipimo hicho vikundi vyetu vingi vya WhatsApp ni mikataba ya kugawana mzigo. Hiyo si dhambi. Hata maofisini watu hugawana kazi. Ila tusiite hivyo kujifunza kwa pamoja, halafu tukashangaa mtihani unapoonyesha kwamba kila mmoja anajua sehemu yake tu, na hata hiyo kwa kukariri.

Hata hivyo anayeishia hapo hajaona kitu cha kufurahisha zaidi kinachotokea ndani ya simu hizo hizo. Mkesha wa mtihani, katika kikundi kile kile kilichogawana (a) na (b), mtu anapiga picha ya swali kutoka karatasi ya miaka iliyopita na kuuliza kwa nini jibu linatoka hasi. Majibu yanamiminika kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kidigo, Kiingereza cha darasani na Sheng ya stejini. Mmoja anaeleza, mwingine anamkatiza: hapana, rudi mstari wa tatu, hapo ndipo ulipopoteza alama ya kutoa. Wa tatu, aliyekuwa kimya muhula mzima, anatuma picha ya daftari lake. Huo ndio ujifunzaji shirikishi bila upungufu wowote, na hakuna aliyeuamuru wala kuupa alama. Programu ni ile ile, watu ni wale wale, bando ni lile lile. Kilichobadilika ni swali. Kesho kila mmoja atakaa peke yake ukumbini, na kuelewa hakugawiki kama kurasa. Kwangu mimi hoja yote ya makala haya imo katika tofauti ya nyakati hizo mbili za kikundi kimoja.

Usiku huo unafunua mambo mengine mawili ambayo jukwaa rasmi halijawahi kuyaona. La kwanza ni lugha. Fikra zinapikwa kwa Kiswahili na kupakuliwa kwa Kiingereza. Mhadhiri anapata sahani tu; hajui palipoungua. Maswali yaliyoulizwa, makosa yaliyogunduliwa, mfano wa kijijini uliomfanya mtu aelewe, yote yanabaki ndani ya simu. Chuo kikimruhusu mwanafunzi aambatanishe muhtasari wa mabishano ya kikundi katika lugha yaliyofanyika, mhadhiri atapata kitu chenye thamani kuliko utangulizi ulionakiliwa. Najua wako watakaosema hilo litashusha kiwango. Kiwango gani, ikiwa sasa hivi hatuoni kabisa jinsi wanavyofikiri?

La pili ni nani anaweza kuhudhuria. Vikundi vya kujisomea kampasini hukutana usiku, madarasa yakishakuwa matupu. Mwanafunzi anayeishi hosteli huona ni jambo la kawaida. Msichana anayelala kwao Msambweni au Diani na kwenda chuoni kila siku, au mama mwenye mtoto mchanga, hakai chuoni baada ya Isha. Wazazi hawataki, na matatu nazo zina saa zao. Simu imewaingiza kikundini watu waliokuwa nje ya mlango kwa miaka mingi. Hilo ni jambo kubwa, ingawa halijakamilika: katika kundi la mamia, wengi wa wanawake hawa huuliza faraghani, kwa rafiki mmoja, na swali zuri linafia humo bila kuwafaa wengine.

Hapa ndipo mtu hukumbusha habari ya mtandao wenyewe, na ni haki akumbushe, ingawa sitakaa sana juu yake. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ya Kenya iliingia nchi kavu kwa njia ya pwani, ikawasha Nairobi kabla haijaiona Lunga Lunga. Mei 12, 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika karibu na Afrika Kusini, eneo zima la Afrika Mashariki lilihisi. Ndani ya Kwale penyewe tofauti ni za kushangaza: Diani kuna nyumba zinazotangazwa kwa wageni wanaofanya kazi zao za Ulaya kwa intaneti ya kasi, na upande wa bara, kuelekea Kinango, kuna mwanafunzi anayepanda kilimani kutafuta mnara. Wakati wa korona KENET, mtandao unaounganisha vyuo vya Kenya, ulikubaliana na kampuni za simu kuwauzia wanafunzi bando kwa bei nafuu. Msaada ulikuwa wa kweli. Lakini kama tatizo lingekuwa bando peke yake, wanafunzi walio Ukunda, ambako mtandao ni mzuri, wangekuwa wanajifunza kwa namna nyingine kabisa na wenzao wa Kinango. Wote wanagawana (a) na (b).

Gharama ya bando inatufundisha jambo moja la ufundishaji, hata hivyo. Saa moja ya kipindi cha video hula data ambayo ingetosha wiki nzima ya kuandikiana. Vyuo vilipohamia mtandaoni vilikimbilia video kwa sababu inafanana na ukumbi wa mihadhara: mmoja anasema, wengine wamezima kamera. Maandishi yalionekana kuwa mbadala wa maskini. Lakini nadharia inayonukuliwa sana katika uwanja huu, ile ya Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Alberta, Kanada, iliyochapishwa mwaka 2000, ilitokana na uchambuzi wa mazungumzo ya maandishi. Waliona kwamba anayeandika hupata nafasi ya kusoma hoja ya mwenzake mara ya pili, kutafakari, na kujibu kwa uzito zaidi. Kwa Pwani ya Kusini hiki ni kisa nadra ambapo njia ya bei nafuu ndiyo pia iliyo bora. Anayejenga kozi yake juu ya maandishi, picha na sauti fupi, video ikawa ya nadra, anamhudumia yule wa kilimani bila kumpunguzia kitu yule wa Diani.

Turudi kwenye kazi. Mwaka 1971 mjini Austin, Texas, shule zilikuwa ndiyo kwanza zimechanganywa watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na madarasa yalijaa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake hawakuhubiri upendo. Waliligawa somo vipande, wakampa kila mtoto kipande ambacho mwenzake hana, kisha wakatangaza kwamba wote watajaribiwa somo zima. Ghafla yule aliyedharauliwa akawa na kitu wanachokihitaji wengine, ikabidi wamsikilize na kumuuliza maswali. Angalia jinsi mpango huo unavyofanana na ugawaji wa (a) na (b), na unavyotofautiana nao. Vipande vipo kote kuwili. Lakini kule Austin hakuna aliyeweza kuvuka mtihani kwa kipande chake tu.

Udhaifu wa mbinu ya Aronson, ikihamishiwa chuo kikuu cha leo, ni kwamba vipande vimo tayari kwenye intaneti. Mwanafunzi asiyetaka kumsikiliza mwenzake ataandika swali kwenye ChatGPT, ambayo tangu Novemba 2022 imekuwa mwanachama asiye na nambari ya usajili katika kila kikundi, na kupata vipande vyote vitano kwa mpigo. Ili mwenzako awe wa lazima, inabidi awe na kitu ambacho hakimo popote isipokuwa kwake.

Na hapo Kwale inaingia. Chukua darasa la mazingira, uhandisi wa maji au jiografia, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kina kampasi Kwale, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Wanafunzi wake wa Pwani ya Kusini wanatoka Tiwi, Diani, Gazi, Msambweni, Vanga, Shimba Hills, Kinango. Ukiitandaza orodha hiyo juu ya ramani umepata mkato kamili wa jiolojia ya kusini mwa pwani: mwamba wa matumbawe ufukweni, kisha michanga, kisha mawe ya Milima ya Shimba, kisha nchi kavu ya nyuma. Tiwi ina visima virefu vinavyohudumia miji ya ufukweni. Chemchemi za Marere, zilizo Milima ya Shimba, hupeleka maji Mombasa. Mtu wa Gazi anajua kisima kilichogeuka chumvi. Wa Kinango hana kisima, ana silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, na anajua linakauka mwezi gani.

Kazi ni hii: kwa nini maji ya kisima kimoja ni matamu na ya kingine, umbali wa kutembea tu, yana chumvi? Kila mwanakikundi apime kisima cha kwao, au silanga kwa yule wa Kinango, kila Jumamosi kwa muhula mmoja. Kina hupimwa kwa kamba yenye jiwe. Umbali kutoka baharini kwa simu. Chumvi kwa kipimo kidogo cha mkononi cha maabara, kikizungushwa kwa zamu. Wazee wa mtaa waulizwe kisima kilichimbwa lini na kilianza lini kubadilika. Takwimu na picha ziwekwe kwenye ukurasa mmoja wa pamoja. Hakuna programu wala tovuti itakayomwambia mwanafunzi wa Vanga kisima cha bibi yake mwenzake wa Tiwi kilishuka kiasi gani kabla ya masika kuanza. Ni lazima amuulize. Na namba za mtu mmoja hazielezi lolote. Mwendo wa chumvi unaonekana tu zinapowekwa pamoja, kutoka ufukweni kwenda bara. Mwanafunzi wa Kinango, ambaye katika kikundi cha kawaida ni mzigo kwa sababu mtandao wake ni dhaifu, hapa ndiye mwenye ncha ya mwisho ya mstari. Tarakimu zake tatu za Jumamosi zinapita hata kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Wala si ndoto ya kitabuni. Katika muongo uliopita watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Kenya, walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya mamia ya mabomba ya mkono ya Kwale. Kila mama alipovuta maji, kifaa kilihesabu mwendo wa mpini na kuituma hesabu hiyo kwa mtandao wa simu, ikasomwa mbali kabisa. Bomba la kijijini Msambweni limewahi kuwa mtandaoni kwa faida ya sayansi. Ni ajabu kidogo kwamba mwanafunzi aliyenywea bomba hilo utotoni anaingia mtandaoni kupakua faili.

Maji ni mfano mmoja. Wanafunzi wa utalii wana Diani ya msimu wa wageni na ya msimu wa ukame wa wageni. Wa biolojia wana mikoko ya Gazi, ambako wanakijiji wameuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Wa uchumi wana mgodi wa titani wa Base Titanium, uliofunga uchimbaji mwishoni mwa 2024, na familia zilizoutegemea. Kila mmoja wa wanafunzi hawa amekaa juu ya kipande cha ushahidi.

Yote haya yanamrudisha mhadhiri. Garrison na wenzake walisisitiza uwepo wa mwalimu, wakimaanisha mtu anayepanga, anayechokoza na anayerudisha mazungumzo kwenye swali. Haimlazimu asome kila ujumbe wa kila kikundi; atashindwa wiki ya pili. Asome ukurasa wa pamoja mara moja kwa wiki, atafute namba moja isiyokubaliana na zingine, kisha aulize hadharani kwa nini. Swali moja la namna hiyo lina uzito kuliko saa ya video. Jambo hili litakuwa la dharura zaidi kadiri Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, kinavyosajili watu ambao hawatawahi kukutana na wanadarasa wao hata mkesha wa mtihani.

Kipingamizi kikubwa kinachobaki ni alama. Katika vyuo vingi vya Kenya mtihani wa mwisho hubeba alama 70, na kazi za muhula 30. Mwanafunzi ana hesabu nzuri: kwa nini ajisumbue Jumamosi kumi kwa kitu kinachopigania sehemu ya thelathini? Anayepanga kazi za pamoja na kuziacha nje ya zile sabini amezihukumu kufa. Lakini mtihani wa ukumbini si lazima uwe adui wa kazi ya pamoja. Mhadhiri anaweza kuweka jedwali la takwimu zilizokusanywa na darasa lenyewe, nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima, na swali moja chini yake: eleza kwa nini kisima cha mwenzako kilipata chumvi mwezi Machi na chako hakikupata, na sema ni kipimo gani kati ya vipimo vya kikundi chako ambacho hukiamini.